Rekodi ya mambo yasiyofanyika

Wiki moja ya Septemba 2018 nilikuwa na chaguzi mbili kichwani. Alhamisi tarehe 13 ilikuwa siku ya kura za mchujo za jimbo la New York, zile ambazo wanachama wa chama huchagua mgombea wao. Jumapili tarehe 16 Ukonga walikuwa na uchaguzi mdogo wa ubunge. Ukonga, Dar es Salaam, ni kwetu. New York ndiko ninakobeba boksi. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa linawaka moto kwa habari za Ukonga. Mwita Waitara, aliyeshinda mwaka 2015 kwa tiketi ya CHADEMA, alihamia CCM Julai, katika ule msimu wa wapinzani kuhama "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli, na sasa alikuwa anaomba kiti kilekile akiwa na shati la kijani. Akakipata. Watu wakarushiana maneno mpaka admini akafunga kundi.

Mimi nilikuwa natafuta namna ya kuwaeleza kwamba huku Bronx, sehemu ya jiji la New York, nako tunaye mtu wa jinsi hiyo, ila wetu hakuhama. Hakujiuzulu, hakubadilisha rangi ya shati, wala hakurudi kwa wananchi kuomba upya. Alikaa ndani ya chama chake miaka saba huku akikisaidia chama kingine kuliendesha bunge. Jina lake Jeff Klein, seneta wa jimbo.

Kwa katiba zetu jambo hilo lina gharama yake. Ibara ya 71 ya Katiba ya Tanzania na ile ya 103 ya Kenya zinasema kitu kimoja: ukikiacha chama kilichokupeleka bungeni, kiti kinakwenda. Ndiyo maana Ukonga ilibidi irudi kwenye sanduku la kura. Marekani hakuna kitu kama hicho. Na hata kingekuwepo kisingemgusa Klein, kwa sababu kwenye daftari alikuwa Mdemokrat mwanzo mpaka mwisho. Mpiga kura wa Bronx aliyeingia kituoni aliliona jina lake chini ya Democratic, akaweka alama, akaenda zake kazini akiamini amewanyima Warepublikan kiti kimoja.

Sasa, kwa walioko nyumbani ambao Marekani kwao ni rais na yale mabunge mawili ya Washington: kila jimbo lina bunge lake pia. La New York linakutana Albany, mwendo wa saa mbili na nusu kwa treni kutoka jijini, na lina nyumba mbili, Assembly yenye viti 150 na Seneti yenye 63. Hao ndio wanaoamua kodi ya nyumba yako inaweza kupanda kiasi gani, nani apewe leseni ya udereva, shule ya mtoto wako ipate shilingi ngapi. Uchaguzi ni kila baada ya miaka miwili na hakuna ukomo wa mihula. Assembly imekuwa mikononi mwa Wademokrat tangu miaka ya sabini. Seneti ilikuwa ya Warepublikan karibu nusu karne nzima, ukiacha vipindi vifupi. Katika jimbo linalompigia kura Mdemokrat kila uchaguzi wa rais tangu 1988, hilo peke yake ni kituko.

Januari 2011 Klein na wenzake watatu, Diane Savino, David Carlucci na David Valesky, wakajitenga na wenzao na kuunda kundi lao, Independent Democratic Conference, IDC kwa kifupi. Mwaka 2012 Wademokrat wakashinda viti 33 kati ya 63. Hesabu ya darasa la pili inasema hao ndio wengi. Lakini mmoja wao, Simcha Felder wa Brooklyn, akaenda kukaa na Warepublikan, na Klein na kundi lake wakafunga ndoa ya mkataba na kiongozi wa Warepublikan, Dean Skelos. Wakakubaliana kupokezana uongozi wa Seneti. Chama kilichoshinda kikakaa benchi. Na kiongozi wa benchi hilo, Andrea Stewart-Cousins, mwanamke mweusi wa Yonkers, akawa nje ya kile chumba maarufu cha Albany ambamo gavana, spika na kiongozi wa Seneti walikuwa wakikaa wanaume watupu na kugawana bajeti.

(Wale wanaume wa chumbani nao wana hadithi yao. Skelos na spika Sheldon Silver wote waliishia gerezani kwa rushwa. Gavana Andrew Cuomo akajiuzulu mwaka 2021. Lakini hiyo ni makala nyingine.)

Nilikuwa na makaratasi ya ukazi, sikuwa na uraia, kwa hiyo kura sina. Mdomo ninao. Mpangaji mwenzangu mmoja, mwanamama wa Kidominika anayejua kila mlango wa jengo letu, alikuwa anampigia debe Alessandra Biaggi, mwanasheria wa miaka 32 aliyejitokeza kumpinga Klein. Aliponiona sina zamu akanivuta tukagonge milango. Jengo letu ni la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ghorofa sita, lifti inayofanya kazi ikipenda, na ni mojawapo ya majengo ambayo kodi yake inadhibitiwa na sheria ya jimbo. Kuna nyumba za namna hiyo karibu milioni moja katika jiji la New York. Ukizitaja hizo, mtu anafungua mlango zaidi kidogo.

Tatizo letu lilikuwa hili. Unamweleza vipi mtu kosa la mbunge ambaye ukisoma orodha ya kura zake huoni kosa? Mbunge aliyepiga kura kukata bajeti ya hospitali, huyo ni rahisi: unachapisha kura yake kwenye karatasi, unaiweka mlangoni. Klein alikuwa anasema yote ambayo Mdemokrat wa Bronx anatakiwa kusema. Wapangaji, yuko nao. Wahamiaji, yuko nao. Haki za wanawake, yuko nao kabisa. Miswada inapita Assembly, inavuka ukumbi kwenda Seneti, inaingia kamatini, inalala. Haipigiwi kura ya ndiyo wala ya hapana. Mwaka unaisha, inarudi tena, inalala tena. Na wewe unayetaka kumuuliza seneta wako kwa nini, anakujibu kwa uso mkunjufu kwamba yeye anaiunga mkono.

Ni sawa na mtu aliyemkabidhi jirani ufunguo wa stoo, halafu kila ukija na kikapu anakuhurumia kwamba stoo imefungwa.

Ghorofa ya nne anakaa bibi mmoja wa Kizanzibari, raia, mpiga kura wa miaka mingi. Tulipofika kwake niliamkia, tukakaribishwa chai ya tangawizi, yule mama wa Kidominika akaachwa anasubiri tafsiri.

"Huyu Klein si Democratic?" bibi akauliza.

"Ndiye, bibi."

"Na huyu binti naye Democratic?"

"Naye pia."

"Basi mnagombana nini?"

Nikamweleza habari ya Skelos, ya mkataba, ya viti 33. Akanisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mvua ya nchi nyingine. Kisha akanikatiza: "Mwanangu, kodi hii ya nyumba inahusika wapi?"

Hapo ndipo mahali pa kuanzia, na nilijifunza kuanzia hapo kwa kila mlango uliofuata. Sheria ya kodi ilikuwa hivi. Mpangaji akihama, mwenye nyumba aliruhusiwa kumpandishia anayeingia mpaka asilimia 20 kwa mkupuo. Nyumba ya dola 1,500 inakuwa 1,800 kwa sababu tu mtu kafungasha vitu vyake. Akihama na huyu, inakuwa 2,160. Halafu kulikuwa na kikomo, dola 2,700 kuanzia mwaka 2015: nyumba ikibaki wazi baada ya kufika hapo, inatoka kabisa kwenye udhibiti na mwenye nyumba anajipangia bei anayotaka. Huhitaji shahada kuona sheria hiyo inamfundisha mwenye nyumba nini. Inamfundisha kwamba mpangaji anayekaa muda mrefu ni hasara, na kwamba joto la nyumba likikatika kwenye baridi ya Januari na mtu akachoka akaondoka, ni faida.

Kulikuwa na mwanya mwingine mbaya zaidi, na huo uliwagusa watu wa jengo letu moja kwa moja. Mwenye nyumba anakuandikia kodi halali, tuseme 2,200, lakini anakutoza 1,600 kwa sababu soko la mtaani halifiki huko. Unafurahi, unasaini. Miaka inapita, mtaa unachangamka, mkataba unaisha, na kwa sheria ya mwaka 2003 anaweza kukurudisha kwenye ile 2,200 siku moja. Bibi aliletewa karatasi ya namna hiyo. Aliitoa chini ya kitambaa cha meza akanionyesha.

"Hili jiji haliwezi kulizuia?"

Haliwezi. Tangu mwaka 1971 sheria ya jimbo inalinyima jiji uwezo wa kutunga masharti ya kodi makali kuliko ya Albany. Meya anaweza kulia, madiwani wanaweza kulia. Ufunguo uko Seneti.

Bibi akaangalia tena kile kijikaratasi chenye picha ya Biaggi. "Kwa nini hamkuanzia hapo?" akasema, akamimina chai nyingine, safari hii na kwa yule mama.

Lazima niwatendee haki watu wa IDC, maana walikuwa na hoja na hazikuwa za kitoto. Walisema: sisi tulikuwa daraja. Bila sisi kukaa na Warepublikan, kusingekuwa na likizo ya malipo ya kulea familia iliyopitishwa 2016, wala kima cha chini cha dola 15 kilichopitishwa mwaka huohuo, wala sheria ya 2017 iliyokomesha kuwashtaki watoto wa miaka 16 na 17 kama watu wazima. Hilo la mwisho si dogo: New York ilikuwa moja ya majimbo mawili tu yaliyokuwa yamebaki na aibu hiyo, jingine North Carolina. Na walisema pia, kwa usahihi, kwamba hesabu haikuwategemea wao kila wakati. Uchaguzi wa 2014 uliwapa Warepublikan wingi wao wenyewe, kwa hiyo sheria za kodi ya nyumba zilipofika ukingoni Juni 2015 na kuhuishwa kwa marekebisho madogo, Klein hakuwa na kura ya kuokoa. Na baada ya 2016 alikuwepo Felder, ambaye peke yake aliweza kuwapa Warepublikan kiti.

Nimelifikiria sana hilo. Jibu langu ni kwamba mkataba haupimwi kwa siku moja ya kura. Kundi lilianza na wanne likafika wanane. Jesse Hamilton wa Brooklyn na Marisol Alcantara wa kaskazini mwa Manhattan waliingia mwishoni mwa 2016, na José Peralta wa Queens akaingia Januari 2017, siku chache baada ya Trump kuapishwa, wakati wahamiaji wa Jackson Heights, mtaa wa eneo lake, walikuwa hawalali kwa hofu ya kukamatwa. Walioingia walipata ofisi, watumishi, vyeo. Mei 2017 ikafichuka kwamba baadhi yao walikuwa wanalipwa posho za uenyekiti wa kamati ambazo wenyeviti wake walikuwa watu wengine. Ndugu wa Dodoma mnaijua posho. Haina haja ya maelezo. Daraja linalolipa wanaosimama juu yake lina sababu ya kutotaka mto ukauke.

Na kuhusu Peralta, hapa moyo unauma. Yeye ndiye aliyekuwa na mswada wa kuwapa wanafunzi wasio na makaratasi msaada wa ada ya chuo kutoka jimboni. Machi 2014, IDC ikiwa ndani ya uongozi wa Seneti, mswada ulifika ukumbini ukapata kura 30 za ndiyo dhidi ya 29. Ukaanguka, kwa sababu zinahitajika 32. Hakuna Mrepublikan hata mmoja aliyeuunga mkono. Mtu yuleyule aliyeshuhudia mswada wake ukifa mikononi mwa muungano ule akaenda kujiunga nao miaka mitatu baadaye, akisema hiyo ndiyo njia ya kuwaletea watu wake matunda. Wananchi wake walimfokea mkutanoni. Sidhani kama alikuwa mtu mbaya. Nadhani alichoka kukaa benchi.

Kumpinga mbunge aliyeko madarakani New York kulikuwa ni kazi iliyowekewa miiba makusudi. Ili upige kura kwenye mchujo wa Democratic wa 2018 ukiwa umeandikishwa chama kingine, ulitakiwa uwe umebadilisha kabla ya Oktoba 13, 2017, yaani miezi kumi na moja nyuma, kabla hata baadhi ya wagombea hawajajitangaza. Asiye na chama naye hivyohivyo. Michujo yenyewe ilikuwa miwili: wa wabunge wa Washington Juni, wa jimbo Septemba, siku ya Alhamisi, hakuna kupiga kura mapema. Mgombea wa Seneti alihitaji saini 1,000 za wanachama wa Democratic wanaoishi ndani ya eneo lake tu, na wanasheria wa mwenye kiti wana haki ya kupitia kila saini wakitafuta anwani iliyokosewa. Kwa hiyo wapinzani wanakusanya mara mbili tatu ya idadi, juani, Juni na Julai, kalamu mkononi, mtu kwa mtu.

Fedha, usiseme. Klein alitumia zaidi ya dola milioni 2 kutetea kiti kimoja cha seneti ya jimbo. Masanduku yetu ya barua yalijaa picha zake, kwenye karatasi nene ya kung'aa, na lifti yetu mbovu ikawa na vipeperushi vyake sakafuni kila asubuhi. Wakati ule kampuni za wenye majengo ziliruhusiwa kuchanga kama mtu mmoja mmoja, na mwenye majengo ishirini alikuwa na kampuni ishirini.

Halafu Aprili 2018 wakuu wakatuletea suluhu. Cuomo, ambaye kwa miaka alikuwa anasema ugomvi wa Seneti haumhusu, alipata mpinzani wa mchujo, mwigizaji Cynthia Nixon, na ghafla akagundua anaweza kuwapatanisha. Klein na Stewart-Cousins wakakalishwa kwenye mgahawa wa nyama choma za bei mbaya Manhattan, IDC ikavunjwa, Klein akawa naibu wa Stewart-Cousins. Yameisha, tukaambiwa, wapinzani warudi nyumbani. Shida ni kwamba Juni 2014 Klein alikwisha kuahidi kurudi. Ahadi ya pili haiuziki kwa bei ya ile ya kwanza.

Kati ya wapinzani wote wa mwaka ule niliyempenda zaidi hakuwa kijana. Robert Jackson, aliyekuwa akimpinga Alcantara, alikuwa na miaka sitini na ushee, na sababu yake ya kugombea ilikuwa kesi aliyoianza mwaka 1993. Akiwa mzazi tu wa watoto wa shule za umma za Washington Heights, yeye na wenzake waliishtaki serikali ya jimbo kwa kuzinyima shule za jiji fedha za kutosha. Mwaka 2003, kesi ikiwa mbele ya mahakama ya juu ya jimbo, alitembea kwa miguu kutoka jijini hadi Albany, maili 150. Mahakama ikawapa ushindi. Mwaka 2007 bunge likatunga kanuni mpya ya kugawa fedha za shule, uchumi ukaanguka 2008, malipo yakasimamishwa, na mwaka baada ya mwaka deni likabaki kwenye vitabu. Alcantara aliposema anaunga mkono shule, Jackson hakuwa na haja ya kubishana. Alikuwa na hukumu mkononi. Alipoapishwa alikuwa Muislamu wa kwanza katika Seneti ya New York, na niliona picha yake ikizunguka kwenye simu za watu wa msikiti wetu ambao hawakuwahi kujua kuna Seneti.

Matokeo niseme kwa haraka. Biaggi alimshinda Klein kwa takriban asilimia 54 kwa 46. Zellnor Myrie, mwanasheria kijana wa Brooklyn, alimwangusha Hamilton. Jessica Ramos alimwangusha Peralta, Jackson akamwangusha Alcantara, John Liu akamwangusha Tony Avella, naye wa IDC, na Syracuse, ambako karibu hakuna aliyekuwa anaangalia, Rachel May akamtoa Valesky. Sita kati ya wanane. Cuomo mwenyewe alimshinda Nixon bila jasho, na hilo ndilo linaloonyesha kwamba watu hawakuwa wanapiga tu kila aliyekuwa madarakani. Walioshiriki mchujo wa gavana walizidi milioni 1.5; miaka minne nyuma hawakufika laki sita.

Savino na Carlucci walipona. Kwa Savino sishangai. Alikuwa mwanzilishi wa IDC kama Klein, lakini watu wa Staten Island walikuwa na kitu chake cha kushika: sheria ya bangi ya matibabu ya 2014 aliipigania mwenyewe kwa jina lake, na hotuba yake ya 2009 kuhusu ndoa za jinsia moja ilikuwa bado inazunguka mtandaoni. Ukiwa na jambo lako lililofanyika, yale yasiyofanyika yanasamehewa.

Novemba Wademokrat wakapata viti 40. Stewart-Cousins akaingia kile chumba, akiwa kiongozi wa kwanza mwanamke wa Seneti ya jimbo lile. Peralta hakuyaona yaliyokuja baadaye. Alifariki Novemba 21, 2018, akiwa na miaka 47. Januari iliyofuata ule mswada wa ada ukapita, nyumba zote mbili, siku moja, na ukaitwa kwa jina lake.

Yaliyofuata 2019 yalikuwa kama mtu kafungua bomba lililokuwa na hewa miaka kumi. Kupiga kura mapema kukaruhusiwa, michujo miwili ikaunganishwa mwezi Juni, ule mwanya wa michango ya kampuni ukabanwa. Juni wakapitisha sheria ya leseni za udereva bila kuulizwa hadhi ya uhamiaji, na hiyo niliiona kwa macho yangu kwa ndugu wa Kiafrika wanaosambaza mizigo, waliokuwa wanaendesha kwa dua. Na Juni 14 ikasainiwa sheria ya wapangaji. Asilimia 20 ya mtu kuhama, ikafutwa. Kikomo cha kutoka kwenye udhibiti, kikafutwa. Ile kodi ya chini waliyokupa ikawa ndiyo msingi wa mkataba wako mpaka uhame. Amana ya kuingia nyumba haizidi mwezi mmoja, jimbo zima. Wenye majengo walikwenda mahakamani mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Februari 2024 ilikataa kuwasikiliza, na mpaka leo wanasema sheria ile inawafanya waache nyumba mbovu zikae tupu kwa kuwa ukarabati haurudishi fedha. Katika hilo wana ukweli kiasi. Zipo nyumba za namna hiyo. Bibi wa ghorofa ya nne hata hivyo bado yuko ghorofa ya nne.

Kwa hiyo nilikuwa nimejijengea nadharia nzuri: mpinge mwenye kiti kwa rekodi yake, hasa ile isiyoandikwa, na utashinda. Mwaka 2020 ukaiharibu. Astoria, Queens, kijana wa miaka 28 aliyezaliwa Kampala alijitokeza kumpinga mbunge wa Assembly, Aravella Simotas. Kijana huyo ni Zohran Mamdani. Baba yake, Mahmood, wazee waliosoma Mlimani miaka ya sabini wanamkumbuka kama mwalimu. Simotas hakuwa Klein hata kidogo. Hakukaa na Warepublikan, na 2019 alisimamia sheria iliyowapa nguvu wanaonyanyaswa kingono kazini. Ukiniuliza kwa karatasi, rekodi yake ilikuwa safi kuliko ya wengi. Mamdani alimshinda kwa kura mia kadhaa. Hoja yake haikuwa kwamba Simotas amezuia kitu. Ilikuwa kwamba Astoria yenye wapangaji wengi hivi inaweza kudai zaidi ya anachodai yeye. Mwaka 2025 hoja hiyohiyo ya kodi ikampeleka kwenye umeya wa jiji, akimshinda Cuomo, aliyekuwa anajaribu kurudi.

Na katika mchujo huo wa umeya, Juni 2025, mmoja wa wagombea alisimama na kutangaza kwamba anamuunga mkono Cuomo. Alikuwa Jessica Ramos, yuleyule aliyemtoa Peralta, na ambaye mwaka 2021 alikuwa miongoni mwa waliomtaka Cuomo ajiuzulu. Yule mama wa Kidominika alinitumia video bila neno lolote, nikamjibu kwa alama ya mshangao. Baadaye akaandika: "Seneti ni kila miaka miwili." Naam. Ya kwanza baada ya video ile ni ya 2026, na Ramos naye ana rekodi.